Masaa 20 ya mwanafunzi Uingereza: jibu kwa anayeondoka Septemba

Mkuu, hongera kwa kupata chuo. Umeuliza kama ni kweli mwanafunzi wa masters anaruhusiwa kubeba boksi, yaani kufanya vibarua, masaa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, na kama kiangazi unaweza kupiga kazi kutwa ili umalizie ada. La kwanza ni kweli. La pili ndilo linalowaponza watu, na nimeliona kwa karibu kwa sababu nilisoma Manchester huku nikifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee.

Wenzako wa digrii ya kwanza wana likizo rasmi ya kiangazi, na wakati huo kazi ya kutwa ni ruksa. Wewe wa masters ya mwaka mmoja huna likizo hiyo. Kuanzia Juni unaandika tasnifu, na kwa Home Office, wizara inayosimamia viza, huo bado ni muhula, masaa ni 20 yale yale. Kwa hiyo usiangalie kalenda ya chuo kizima, angalia ya kozi yako. Iombe idara ikupe tarehe kwa maandishi, mwajiri naye ataidai.

Sasa hesabu yenyewe. Wiki ni Jumatatu hadi Jumapili na hakuna kufidia: ukifanya 12 wiki hii, ijayo hufanyi 28. Kazi mbili zinajumlishwa. Shifti za usiku ndizo zinazochanganya. Ukiingia Jumapili saa mbili usiku na kutoka Jumatatu saa mbili asubuhi, masaa manne ni ya wiki inayoisha na manane ni ya wiki mpya. Ongeza shifti moja ya masaa 12 katikati ya wiki, umeshatimiza 20, na Jumapili inayofuata huwezi kuingia kabla ya saa sita usiku. Mimi nilikuwa naandika kila shifti kwenye kidaftari, maana ratiba ya kazini haijali viza yako.

Msimamizi wetu mmoja alikuwa na mtindo wa kupiga simu Ijumaa: njoo tu, watu hawajatimia, tutaiandika wiki ijayo. Kataa. Sheria inambana mwajiri pia, faini inafika hadi pauni 60,000 kwa mfanyakazi mmoja, lakini kampuni hulipa ikaendelea na biashara. Wewe utafutiwa viza.

Kusambaza chakula kwa baiskeli kupitia Uber Eats au Deliveroo sahau kabisa, hata saa moja, kwa sababu hapo unahesabika umejiajiri na viza ya mwanafunzi haikuruhusu. Watakuja watu kukukodishia akaunti zao, achana nao. Kusuka nywele chumbani kwa malipo nako ni kujiajiri, dada zetu wengi hawalijui hili.

Namba ya National Insurance, ile ya makato ya mfanyakazi, isikucheleweshe. Kadi za ukaazi (BRP) hazipo tena, viza iko mtandaoni. Unatoa share code, yaani namba ya kumwonyesha mwajiri viza yako mtandaoni, naye anahakiki, unaanza kazi wakati namba inashughulikiwa.

Kuhusu ada, nitasema wazi. Kima cha chini kuanzia Aprili 2026 ni pauni 12.71 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Masaa 20 ni pauni 254 kwa wiki, kabla ya makato. Hiyo ni kodi ya chumba na chakula. Kama ada yako inategemea boksi, ni heri uahirishe mwaka.

Weka akiba ya Graduate visa pia, ile ya kubaki kufanya kazi baada ya kuhitimu. Atakayeiomba kuanzia 1 Januari 2027 atapata miezi 18 badala ya miaka miwili, isipokuwa wa PhD. Inaombwa ukiwa ndani ya Uingereza, viza ya mwanafunzi ikiwa bado hai, na baada ya chuo kuijulisha Home Office kuwa umemaliza. Mchango wa afya ni pauni 1,035 kwa mwaka, mbali na ada ya maombi.

Mke na watoto: tangu Januari 2024 masters ya kawaida ya darasani hairuhusu kuja nao, labda uwe na ufadhili wa serikali.

Ukipata tarehe za kozi zibandike hapa tuzipigie hesabu.