Kabla ya suti, angalia njia unayopita

Siku ya usaili wangu wa kwanza nilitoka nyumbani Mabatini, hapa Mwanza, nimevaa skuna nyeusi za kuazima. Anayeijua Mabatini ameshajua kilichofuata. Kwetu ni juu kwenye mawe, na kushuka hadi barabarani ni kuruka jiwe kwa jiwe. Tena ilikuwa Aprili, mvua imekesha. Nilifika kituo cha daladala kisigino kimoja kinacheza na pindo la sketi limekula tope. Maswali ya usaili hayakuwa magumu, ila nusu ya akili yangu ilikuwa chini ya meza, kwenye kile kisigino. Kazi sikupata.

Ndiyo maana mdogo wangu akiniuliza avae nini kazini, namuuliza kwanza anapita wapi, na akifika anafanya nini. Sisi tunaokaa milimani tuna utaratibu wetu: raba au ndala za kushukia, viatu vya ofisini ndani ya mkoba, na kitambaa chenye maji cha kufutia miguu. Ukishavaa viatu vyako getini, nani atajua ulishukaje?

Kazi niliyokuja kupata ilikuwa ya kukagua ubora kwenye kiwanda cha samaki. Nikajiona msomi. Siku ya kwanza nikaenda na blauzi ya lesi, hereni ndefu na kucha za kubandika nyekundu. Mama wa zamu akanitazama mikono, akasema, "Binti, hizo zikidondokea kwenye mnofu, utaitafuta wewe kabla kontena halijafungwa?" Nilizibandua palepale mlangoni, nyingine kwa meno.

Baadaye nikaelewa ukali ule. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia kwa vipindi samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za usalama wa chakula, na wazee wa kiwandani bado walikumbuka mashine zilivyonyamaza. Kwa hiyo humo ndani urembo haupo kabisa: koti jeupe, mabuti ya mpira, kofia inayofunika nywele zote, hakuna pete, hakuna manukato. Cha kuchagua ni cha ndani tu. Chagua fulana ya pamba ya mikono mirefu, maana kwenye minofu kuna baridi ya barafu, na usivae sweta linalotoa manyoya. Nywele zisukwe chini, mistari ya kawaida. Rasta nene hazitoshi kwenye kofia, utahangaika zamu nzima.

Nilipohamia ofisi ya serikali nilikuta mambo yameandikwa. Upo waraka wa mavazi ya watumishi wa umma wa 2007, na mengi yaliyomo unayajua: nguo za kubana, fupi, zinazoonyesha mwili, usizilete. Hilo la kuonyesha ndilo lilinikamata, na bila kukusudia. Meza yangu ilikuwa mbele ya dirisha linalotazama ziwa, na mwanga wa asubuhi unaotoka majini hauna huruma. Gauni langu la krimu, ambalo chumbani lilikuwa la heshima kabisa, pale liligeuka neti. Dada mmoja wa masjala akanivuta pembeni akanipa khanga yake. Sasa kila kitambaa chepesi nakipeleka kwa fundi kiwekwe bitana, au navaa gagulo.

Kazi ya sasa ni ya vijijini, upande wa Sengerema, kuzungukia vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Hapa ndipo nilipotupa sketi ya penseli. Huwezi kupanda bodaboda nayo ila ukae upande, na kukaa upande kwenye ile barabara ni kuomba gari la wagonjwa. Kwenye kivuko cha Kamanga nako upepo unakusubiri wewe tu. Nashona gauni la kitenge lenye marinda, linalovuka magoti vizuri, na taiti nyeusi ndani. Ukifika kikundini unakaa kwenye mkeka pamoja na mama zako, kwa hiyo urefu wa gauni upimwe ukiwa umekaa. Mimi kwa fundi nakaa chini sakafuni kabla sijalipa. Alinicheka mwanzoni, sasa ananiwekea mkeka kabisa.

Koti la suti bado ninalo, kwa siku za mikutano mjini. Nililitoa Mlango Mmoja, kwenye mtumba, na nasema wazi kwamba mengi ya pale yameshonwa vizuri kuliko mapya ya bei hiyohiyo. Angalia mabega kwanza. Kiuno fundi atakipunguza kwa pesa kidogo, lakini bega likikuzidi, achana nalo, hata likuvutie vipi. Kisha geuza kwapa utazame kwenye mwanga, na usinunue jeusi bila kulitoa nje juani. Ndani ya kibanda kila kilichochujuka huonekana cheusi.

Wala silivai kwenye daladala. Linatundikwa nyuma ya mlango wa ofisi, linarudi nyumbani Ijumaa kufuliwa, na Jumatatu nashuka nalo mawe likiwa limekunjwa kwenye mkoba, juu ya viatu.