Kupata faili la zoni la .ke
Ndugu yangu, unauliza kwa nini .ke, kikoa (mwisho wa anwani za mtandao) cha Kenya, ambayo faili lake la zoni, yaani orodha ya majina yaliyo chini yake na seva zake, unalihitaji kwa utafiti wako wa chuo hapa Mombasa, haimo katika mfumo wa ICANN, shirika linaloratibu majina ya mtandao duniani, wa kuombea mafaili ya zoni. Mfumo ule ni wa vikoa vya jumla kama .com, vikoa vya nchi havibanwi na sharti la kutoa mafaili hayo, na kila msimamizi hujipangia sera yake. Kwa .ke msimamizi ni KeNIC, shirika linalosajili majina ya .ke, hivyo waandikie barua rasmi, ukieleza bayana utaitunzaje data na utaifuta lini, maana hapo ndipo ombi huweza kulegea. Unaposubiri jibu, jizoeze na .se ya Uswidi, iliyo wazi tangu 2016: mstari huonyesha jina, muda wa kuhifadhi jibu kwa sekunde, herufi NS (alama ya seva ya majina) na seva yenyewe, wala haumtaji mwenye jina.