Daftari la raia wa dunia: aandikwe nani, alishike nani?

Wiki hii maswali yamezunguka jambo moja. Wanaharakati wa uraia wa dunia, yaani wanaojihesabu raia wa dunia nzima kabla ya kuwa wa nchi moja, waliotawanyika nchi mbalimbali, wanataka daftari moja la mawasiliano, ili anayemhitaji mwenzake wa Lima au Osaka asianze kuulizia kwa huyu na yule. Nimewahi kulishika daftari la namna hiyo kwa miaka kadhaa, na bado nina makovu yake.

Je, sisi ndio wa kwanza kufikiria jambo hili?

Wala. Tarehe 25 Mei 1948 Garry Davis, mwigizaji wa Broadway, mtaa wa majumba ya maonyesho wa New York, aliyekuwa rubani wa ndege za mabomu katika Vita Kuu ya Pili, aliukana uraia wake wa Marekani akiwa Paris. Novemba mwaka uleule, yeye na wenzake walikatiza kikao cha Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa pale Palais de Chaillot, wakidai serikali ya dunia. Barua za kumuunga mkono zikamiminika, na mwaka 1949 ikafunguliwa mjini humo sajili ya kimataifa ya raia wa dunia. Waliojiandikisha walifikia mamia ya maelfu.

Lakini sajili ile ilikuwa ya kuhesabu waliokubali wazo, na ninyi mnataka ya kuwakutanisha watu. Hapo mimi ningewatazama zaidi Waesperanto, wazungumzaji wa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili watu wa mataifa yote waelewane. Chama chao cha Universala Esperanto-Asocio kilianzishwa 1908, kikaweka wajumbe katika miji mingi na kuchapisha kitabu cha mwaka chenye majina na anwani zao. Ukifika mji mgeni, unafungua kitabu, unajua pa kubisha hodi. Na anayebishiwa hodi hashangai, kwa sababu alijitolea mwenyewe kuandikwa.

Mwenzetu amependekeza fomu yenye safu 22, zikiwemo tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, dini na picha. Je, ni nyingi mno?

Namba ya pasipoti! Mtu anapigania dunia isiyogawanywa na mipaka, halafu sisi tuwe afisa uhamiaji wake wa pili?

Mimi huishia safu sita: jina analopenda kuitwa, nchi na mji (mtaa hapana), lugha anazozimudu, njia moja ya kumpata, anachoweza kuwasaidia wenzake, na tarehe aliyothibitisha mara ya mwisho. Safu ya tano ndiyo roho ya daftari. "Natafsiri Kireno", "nina chumba cha mgeni", "najua sheria za wasio na utaifa": maneno matatu manne kama hayo yanafaa kuliko picha kumi.

Kuhusu dini, wakumbukeni Waholanzi. Kabla ya vita walikuwa na rejista ya wakazi iliyopangwa vizuri sana, kila mtu na kadi yake, na dini yake juu ya kadi. Wanazi walipoivamia nchi, unadhifu ule ukawarahisishia kuwasaka Wayahudi. Tarehe 27 Machi 1943 kundi la wapinzani wa Wanazi, akiwemo msanii Willem Arondeus, lililipua jengo la rejista ya Amsterdam ili kadi ziungue. Arondeus na wenzake kadhaa walikamatwa na kuuawa. Walioandika kadi zile mwanzoni hawakuwa na nia mbaya hata kidogo, nami hilo hulikumbuka kila mtu anaponiambia, "ongeza safu moja tu."

Tumekusanya namba za simu kwenye jedwali, lakini nusu yake hazipigiki. Kosa liko wapi?

Ninahisi ninaliona jedwali lenu kutoka hapa. Mtu aliandika namba yake kama anavyoitaja nyumbani, ikianza na sifuri. Programu ikadhani ni hesabu, ikaila sifuri. Mwenzake aliandika alama ya kujumlisha, nayo ikayeyuka. Sasa mmebaki na tarakimu tisa zisizo na nchi.

Badilisheni safu hiyo iwe ya maandishi, si ya hesabu, kabla hamjaingiza chochote. Kisha kila namba ianze na alama ya kujumlisha, ifuate namba ya nchi, halafu iliyobaki bila ile sifuri ya mwanzo (wapo wachache wanaoibakiza, kama Waitalia kwa simu za mezani). Utaratibu wa kimataifa hauruhusu zaidi ya tarakimu 15, kwa hiyo ikizidi hapo kuna kosa.

Mkiwa hapohapo, tarehe ziandikwe mwaka kwanza, 2025-04-03, maana 03/04 kwa mmoja ni Aprili na kwa mwingine ni Machi. Na jina lipewe safu moja. Wahungari na Wajapani hutanguliza la ukoo, na Waindonesia wengi wana jina moja tu. Fomu inayodai mawili inamlazimisha mtu ajibatize upya.

Nimekuta jina langu kwenye orodha ya wanaharakati na sikuulizwa. Nifanye nini?

Mwandikie anayeishika, dai uondolewe, na uliza nani mwingine amepewa nakala. Swali la pili ndilo watu husahau. Kwa walioko Umoja wa Ulaya, kanuni ya kulinda data binafsi iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, miaka 70 kamili tangu siku ile ya Davis, inaiweka misimamo ya kisiasa na ya kifalsafa katika kundi la taarifa zenye ulinzi wa pekee. Kwa wengine, hata pasipo sheria, kuna nchi ambako kuonekana kwenye orodha hiyo ni safari ya kituo cha polisi.

Nani akae na ufunguo?

Wawili, wa nchi mbili tofauti, na neno la siri lisiwe kwenye kikundi cha WhatsApp. Wengine waombe kuunganishwa: mshika daftari anamuuliza anayetafutwa, akikubali ndipo anwani inatoka. Ni polepole, najua. Lakini mimi ndiye niliyewahi kutuma barua pepe moja na kuziweka anwani zote pale juu, wazi, badala ya kwenye nakala fiche (Bcc), ambako mpokeaji haoni anwani za wenzake. Mwanachama mmoja aliyekuwa akitumia jina la bandia alijibu kwa neno moja: "Kwaheri." Hakurudi.

Tutajuaje kwamba waliomo bado wapo?

Mara moja kwa mwaka mtumie kila mtu mstari wake mwenyewe, wake tu, na swali: bado ni sahihi, ubaki? Asiyejibu mara mbili, mfute. Sisi tulipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya majina yaliondoka, na mwenzangu akanuna wiki nzima kwa sababu alikuwa ameshaitangaza ile idadi kubwa.