Uwanja wa mpira Mafinga unatosha kwa kwadiboli?

Ndugu uliyeuliza kama uwanja wa mpira pale Mafinga unafaa kwa kwadiboli, ule mchezo wa kukimbia na ufagio katikati ya miguu: unafaa, na nafasi inabaki. Pima mita 60 kwa 33, kisha vuta kamba kimshazari, kona hadi kona ya mkabala, kwa mishazari yote miwili. Mara zote mbili isome kama mita 68.5, la sivyo uwanja umekwenda upogo. Kila upande weka pete tatu, nguzo za sentimita 91, 137 na 183, ndefu katikati. Bomba za plastiki zinatosha, kitako kijazwe mchanga. Tafadhali msizichimbie wala kumwaga zege! Mchezaji akiiparamia nguzo kwa kasi, ianguke nguzo, mbavu zipone. Chokaa ya mistari pakeni asubuhi ya siku ya mchezo. Mvua ikinyesha, inafutika.