Kabla ya kusema umesahau, jiulize kama kitu kiliingia akilini

Mtu asiyejua alipoweka funguo husema amesahau. Mara nyingi hakuna alichosahau. Mkono ulikuwa unaziweka juu ya kabati huku akili iko kwenye simu, na ubongo hauwezi kutoa kile ambacho haukukipokea. Dawa yake iko pale pale unapokiweka kitu: kitazame, kisha tamka kwa sauti, "Funguo ziko juu ya kabati." Sekunde mbili zinatosha.

Kumbukumbu ya muda mfupi nayo ni finyu, hubeba takriban vitu vinne kwa wakati mmoja. Ndiyo maana namba ya tarakimu kumi hushikika ukiigawa mafungu matatu, na hupotea mara tu mtu anapokukatiza.

Wanaosoma kwa ajili ya mtihani ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu wanarudia kusoma. Ukurasa uliousoma mara tano unakuwa mwepesi machoni, na wepesi huo unadhaniwa kuwa ujuzi. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na wale waliojipima bila kutazama maandishi. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza; baada ya wiki moja walikuwa nyuma.

Basi soma kurasa mbili au tatu, funga kitabu, uandike kwenye karatasi tupu yote yaliyobaki kichwani. Ukikwama usikimbilie kufungua; vumilia nusu dakika, maana jitihada ile ya kutafuta ndiyo inayokaza kumbukumbu. Kisha fungua usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Usiruke hatua hii, kwani kosa lisilosahihishwa nalo huota mizizi.

Rudia zoezi hilo kesho yake, kisha siku ya tatu, ya saba na ya ishirini na moja. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba usahaulifu huenda kasi sana siku ya kwanza, halafu hupunguza mwendo. Ukichelewa marudio ya kwanza, utakuta mengi yameshapotea. Na usikeshe: ubongo huimarisha ulichojifunza wakati umelala.

Jina likiwa ulimini lakini halitoki, liache kwanza. Kulilazimisha huleta lile lile lisilo sahihi, nalo huziba njia.

Lililo gumu zaidi kukubali ni kwamba kumbukumbu hubadilika bila mwenyewe kujua. Mwaka 1974 wanasaikolojia Loftus na Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari. Walioulizwa mwendo wa magari "yalipobamizana" walikadiria kasi kubwa kuliko walioulizwa "yalipogusana". Kwa hiyo ukishuhudia tukio zito, andika ulichokiona, pamoja na saa, kabla hujalizungumza na yeyote.