Bwawa au jiko kabla ya kuuza nyumba?
Umeuliza hela uliyonayo uimwage kwenye bwawa la kuogelea au jiko kabla hujauza, mi nakwambia achana na bwawa, mwenye watoto wadogo analiona hatari na wengine wanaona tu gharama ya kulitunza. Ila hata kabla ya jiko anza na paa. Mtu akiona doa la maji kwenye silingi basi, hata uweke taili za kifahari, kichwani anawaza nini kingine kimefichwa, halafu anakukata bei kuliko hata ambavyo fundi angekudai. Jikoni usivunje makabati kama mbao bado nzima, badilisha vishikio na bawaba, piga rangi, funga bomba jipya lisilodondosha, inatosha. Kuta ziwe nyeupe au krimu (ile zambarau unaipenda wewe, sio mnunuzi). Bafuni chokonoa maungio ya taili yaliyoota ukungu ujaze upya, kazi ndogo tu ila bafu linabadilika kabisa. Na usipitilize majirani, nyumba ikiwa ya kifahari kuliko mtaa mzima hela yako hairudi yote, wanunuzi wanalinganisha na zilizouzwa hapo jirani.