Kutua Dodoma mara ya kwanza

Mdogo wangu, hofu yako ya kuchanganya Msalato, uwanja mpya wa ndege wa Dodoma, na ule wa mjini si ya kitoto. Desemba 2013 Boeing 767 iliyokuwa ikienda Kilimanjaro ilitua uwanja mdogo wa Arusha, na waliokuwa usukani hawakuwa wanafunzi wa urubani kama wewe!

Njia ya kurukia na kutua ya uwanja wa mjini ni 09/27 (nyuzi za dira bila sifuri ya mwisho), yaani mashariki–magharibi, katikati ya mji. Msalato iko kaskazini, na ile lami yake mpya inavuta macho kweli. Basi anza na dira, macho baadaye. Umeruhusiwa kutua 27 na dira haisomi karibu na nyuzi 270? Hiyo si njia yako, hata ipendeze vipi. Ukisita, ongeza nguvu, paa tena, uliza mnarani. Waongozaji wamezoea.